P ya Baba

Baba alituachia daftari moja la nyimbo. Kwa miaka mingi lilikaa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Tulikuwa watoto wanne na mimi ndiye wa kwanza. Mama alitangulia, Baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ilibidi mtu mmoja awepo nyumbani ili wengine waende. Sisemi hivi kwa kulalamika. Lilikuwa jambo la kufanywa, nikalifanya.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ndhiwa, na jioni alifundisha kwaya katika kanisa dogo la mabati. Alitunga nyimbo kumi na mbili. Aliziandika kwa mkono, kwa herufi za do, re, mi, maneno yakiwa chini yake, na juu ya herufi akaweka alama ndogo za kuwaambia waimbaji wapi sauti iwe kubwa na wapi iwe ndogo. Kwaya yenyewe ilitawanyika baada ya kifo chake. Wengine waliolewa mbali, wengine wakaenda Sindo na Mbita kutafuta kazi, na nyimbo zikanyamaza. Kitinda mimba wetu alikuwa bado anatambaa wakati huo. Sasa ni kijana mrefu kuliko mlango wangu, lakini hana hata kumbukumbu moja ya sauti ya Baba. Mimi ninazo, ila sikujua namna ya kumgawia.

Ninafanya kazi mjini Migori katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Nimechapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, na mitihani ya kidato cha nne ya masomo ambayo mimi mwenyewe sikuyafikia. Walimu hunipa karatasi zao zikiwa na makosa ya tahajia, nami huyasahihisha kimya kimya. Kwa hiyo ndugu yangu wa tatu, dada mdogo aliyesomea mambo ya kompyuta, aliporudi likizo na kompyuta yake kuukuu na kuniwekea programu ya kuandika muziki, hakunikuta mgeni kabisa kwenye kibodi.

Programu yenyewe ni ya ajabu kidogo. Huchori noti hata moja. Unaandika tu, kama mtu anayeandika barua: herufi ya noti, nambari ya urefu wake, na pembeni maagizo mafupi yanayoanza na kistari kilicholala kuelekea nyuma. Ukimaliza unaiamuru ichore, nayo inakutolea ukurasa safi wenye mistari mitano na noti zake kama kitabu cha kanisani. Ukikosea herufi moja, inakataa na kukutajia mstari wenye kosa. Niliipenda kwa hilo. Wateja wangu wengi hawanitajii mstari, wao hunung'unika tu.

Kilichonifanya nilitoe daftari sandukuni ni tangazo lililosomwa kanisani. Kwaya za upande wetu zilikuwa zinaandaa kitabu cha nyimbo za watunzi wa nyumbani, kitakachozinduliwa kwenye tamasha la kwaya mjini Homa Bay. Mwenye nyimbo azilete kwa mwalimu wa kwaya mmoja aliyekuwa akikusanya kazi hiyo, zikiwa zimechapwa kwa noti, zinazosomeka. Nikaamua kwamba wimbo mmoja wa Baba lazima uingie. Ukiingia kitabuni utaimbwa, na ukiimbwa, mdogo wetu atasikia kile ambacho baba yake alikuwa akisikia kichwani.

Nilichagua wimbo wa nne, wa yule binti wa Injili aliyedhaniwa amekufa. Watu wamejaa mlangoni wanalia, wanasema amekufa. Kisha sauti zote zinasema, "Amelala, amelala tu." Kisha, "Binti, inuka." Ni hayo tu, lakini Baba aliyazungusha mara tatu, kila mara sauti zikipanda.

Dada mdogo alinifundisha kugeuza do na re kuwa noti, nami nikachapa saa za mchana wateja wakiwa wachache. Noti zilienda vizuri. Alama za nguvu ya sauti ndizo zilizonitesa. Baba alitumia p na f, na vile vistari viwili vinavyofunguka kama mdomo wa ndege pale sauti inapokua. Programu inazijua zote. Lakini ilizichora chini ya mistari, mahali pale pale palipokuwa na maneno, zikajibana katikati ya silabi. Nilimtumia dada mdogo picha ya ukurasa. Alinipigia simu akicheka.

"Dada, hapa umeandika 'Binti p inuka'. Binti P ni msanii wa wapi huyo?"

Alinieleza kwamba kuna neno moja la kuwekwa mwanzoni mwa kila sauti, linaloamuru alama zote zikae juu. Nikaliweka kwa soprano, alto, teno na besi. Maneno yakapumua. Lakini sasa ule mdomo wa ndege wa teno ukagonga maneno ya alto yaliyokuwa juu yake. Kuna agizo jingine la kusukuma alama moja peke yake kwa tarakimu mbili, moja ya kulia au kushoto, nyingine ya juu au chini. Nilisukuma nusu hatua, nikachapa, nikaangalia, nikairudisha robo. Nilisukuma alama kumi na tisa namna hiyo. Mzee mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho aliniuliza kama ninapanga maharagwe.

Katika mzunguko wa tatu, juu ya "amelala tu", Baba alikuwa ameandika kitu kama f tatu zilizoshikana, ya katikati ikiwa fupi na yenye nukta juu. Nukta niliihesabu kuwa wino uliodondoka. Nikaandika f tatu. Programu ikazikubali bila neno.

Wiki moja baada ya kuutuma wimbo, yule mwalimu wa kwaya wa Homa Bay alinipigia. Alisema umeingia. Alisema kamati ilikuwa imebakiwa na nyimbo mbili na nafasi moja, na kilichoamua ni mahali pamoja tu.

"Baba yako alisomea muziki wapi, dada?"

Nikamwambia hakusomea popote, alijifunza kwenye vitabu vya nyimbo za kanisa.

"Basi alikuwa na kipaji. Mtunzi mwingine yeyote angewaamsha watu kwa kelele pale kwenye 'inuka'. Yeye amewafanya watu wapige kelele kwenye 'amelala', halafu Bwana ananong'ona, 'Binti, inuka'."

Nilitembea na maneno hayo siku nzima. Niliwapigia ndugu zangu wote watatu na kila mmoja nilimsimulia kana kwamba ndiye wa kwanza.

Kisha nikaalikwa Homa Bay kwenye mazoezi. Niliketi benchi la nyuma. Walipofika "Amelala, amelala tu" waliimba kwa nguvu hadi madirisha yakatetemeka, kisha "Binti, inuka" ikatoka kama pumzi ya mtu anayemwamsha mtoto asishtuke. Mwanamke mmoja mbele yangu alijifuta macho kwa ncha ya leso. Ilikuwa nzuri, na siwezi kusema vinginevyo. Ila haukuwa wimbo nilioujua.

Nilipokuwa na miaka kumi au kumi na mmoja nilikuwa nikikaa kwenye ngazi ya altare, karibu na ngoma, mazoezi yakiendelea. Nakumbuka mikono ya Baba ikishuka polepole kwenye "amelala" hadi karibu kugusa magoti. Nakumbuka ikipanda ghafla kwenye "inuka", na mabati yakivuma, nami nikiziba masikio. Lakini nilikuwa mtoto, na kumbukumbu ya mtoto hukua naye. Sikumwambia mtu. Nikampa mwalimu mkono wa asante na kurudi Migori.

Nyumbani nililifungua daftari upya na kulisoma kama ninavyosoma mtihani wa mwalimu nisiyemwamini. Jambo la kwanza nililoliona ni ule mdomo wa ndege. Ulianzia mwanzoni mwa "Binti", ukafunguka, ukafunguka, ukaishia kwenye p. Sauti inakua, inakua, halafu inanong'ona? Mwalimu alikuwa ameuita mshangao mzuri. Labda. Nikazirudia zile f tatu zenye nukta. Nikafunua wimbo wa saba. Hapo Baba alikuwa na kalamu nzuri zaidi, na juu ya mstari wa mwisho ameandika wazi kabisa: fif. Wimbo wa tisa, mahali watu wanaposhangilia: pz.

Fifia. Paza.

Nilikaa na daftari mapajani. Dada mdogo alikuwa amenieleza mapema kwamba herufi hizo ni za Kiitaliano, kwamba kwa wanamuziki wa dunia nzima p ni sauti ndogo na f ni sauti kubwa, na kwamba programu haijui kitu kingine. Nami nilikuwa nimenakili p kuwa p na f kuwa f, kwa uaminifu wa mashine ya fotokopi. Baba aliziona herufi hizo katika kitabu cha nyimbo, hakuna aliyemwambia ni za lugha gani, akazisoma kwa Kiswahili alichokuwa akifundisha kila siku darasani.

Bado nilitaka mtu wa kunihakikishia. Ndhiwa yupo mama mmoja aliyeimba alto kwa Baba tangu siku ya kwanza ya kwaya ile. Siku hizi anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Nilimkuta akipepeta.

"Nyar japuonj," akaniita, binti ya mwalimu, kama alivyoniita siku zote. "Umekonda. Migori hawapiki?"

Nikamwambia wanapika. Nikamwonyesha ukurasa na kumuuliza herufi hii ilikuwa na maana gani. Aliushika mbali na macho.

"P ni paza. F ni fifia. Alitufundisha siku ya kwanza kabla hata hatujaimba. Kwani kuna nini?"

"Mama, duniani kote ni kinyume."

"Dunia yote?"

"Yote."

Akapepeta kidogo. "Basi dunia ingekuja mazoezi."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Kuna padri mgeni aliyewahi kupita kanisani kwetu, akaona karatasi za kwaya na kumweleza Baba kwamba amezipindua herufi. Baba alimshukuru sana na kumpa chai. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba vile vile. Alipoulizwa, alisema watu arobaini wameshajua p ni paza, hawezi kuwavuruga kwa ajili ya Mtaliano mmoja.

Nilicheka hadi machozi yakatoka. Lakini niliporudi Migori kicheko kiliisha, maana kurasa za kitabu zilikuwa zinakwenda kwa mchapaji Jumatatu, na wimbo ulikuwa umeingia kwa sababu ya kosa langu. Nikisema ukweli, huenda ukatolewa na ule mwingine ukachukua nafasi. Nikinyamaza, utachapwa, lakini utakaoimbwa hautakuwa wa Baba.

Dada mdogo alinishauri ninyamaze. Alisema wimbo ukishakuwa ndani ya kitabu uko ndani, mengine tutarekebisha baadaye. Yule wa pili, kaka yetu aliye Sindo, alisema vile vile kwa maneno machache zaidi. Kitinda mimba alikuwa amekaa kwangu wiki hiyo. Alisikiliza mazungumzo yote ya simu akila, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo ya kunong'ona ni ya Baba, au ni ya kompyuta?"

Nikaifungua programu.

Niliharakisha na nikakosea. Niliamuru kila p igeuke f, ikafanya mara moja. Kisha nikaamuru kila f igeuke p, nayo ikazigeuza zote, pamoja na zile zilizokuwa p dakika moja iliyopita. Wimbo mzima ukawa wa kunong'ona. Mbaya zaidi, nilisahau kuandika kile kistari kinachotangulia agizo, na noti mojawapo ya wimbo inaitwa f. Noti zikageuka p, kitu kisichokuwepo katika muziki wowote, na maneno ya wimbo yakapoteza f zake: "pale" ikawa "fale", kisha ikarudi, lakini "amekufa" ikawa "amekupa". Programu ilinitajia makosa mistari sitini na mmoja. Mdogo wangu aliyekuwa akichungulia begani alisema sasa huo ndio wimbo wa kompyuta.

Nikaichukua nakala ya zamani na kuanza upya, alama moja baada ya nyingine kwa mkono, daftari likiwa wazi pembeni. P ya Baba, f ya dunia. F ya Baba, p ya dunia. Ule mdomo wa ndege sikuugusa, maana aliuelewa sawasawa. Pale aliposema fif mara ya mwisho, baada ya kufikiri sana, niliweka p tatu, kisha nikazisukuma juu kidogo zisiguse mstari wa besi.

Jumamosi nilikwenda Homa Bay na karatasi mpya. Nilimkuta mwalimu nje ya ukumbi kabla ya mazoezi na nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila kupamba. Alisoma ukurasa mzima.

"Unaelewa ulichofanya, dada? Umeniletea wimbo sahihi na kuninyang'anya ule nilioupenda."

"Naelewa, mwalimu."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi. Na mama mmoja wa Ndhiwa."

Hakucheka. Alisema kamati ilishakubali wimbo mmoja na sasa ninaleta mwingine. Nikamwomba jambo moja tu: wauimbe hivi mara moja, kisha aamue anavyoona. Aliingia ndani na kuwaambia wanakwaya wageuze alama zote kwa penseli. Soprano walinung'unika kwamba wameshazoea. Aliwaambia watazoea tena.

"Amelala" ilianza kubwa kidogo, ikafifia, ikafifia tena, hadi nikasikia mtu akisogeza kiti. Kisha "Binti" ikaanza kukua, na safari hii ilikuwa na mahali pa kwenda. "Inuka" ilipofika iligonga paa. Sikuziba masikio. Walirudia mzunguko wa pili na wa tatu, na walipomaliza, mwanamume mmoja mnene wa besi akainua mkono.

"Mwalimu, sisi besi hapo kwenye 'inuka' tuko juu sana. Kunong'ona juu namna ile kulikuwa kunatunyonga. Tangu wiki jana tunakuambia."

"Mliniambia mna mafua."

"Tulikuwa tunakuheshimu."

Ukumbi ulicheka. Mwalimu aliitazama karatasi tena, akafuata kwa kidole mstari wa besi unavyopanda hadi noti ile, kisha akasema polepole, kama mtu anayejisemea, kwamba mtunzi asiyejua Kiitaliano alijua koo la mwanamume lilivyo. Akaniambia ataipeleka karatasi mwenyewe kwa kamati, lakini hawezi kuniahidi kitu.

Alipiga simu Jumatatu adhuhuri, nikiwa nachapa mtihani wa kemia. Wimbo ulibaki. Wameusogeza hadi ukurasa wa mwisho, alisema, kwa kuwa nao walikuwa wameupenda ule wa kwanza na hawakutaka kuusamehe huu mpya haraka. Alisema pia kwamba kati ya kurasa zote zilizoletwa, zangu ndizo pekee ambazo alama hazijapanda juu ya maneno, na akaniuliza kama ningeweza kuziangalia zile nyingine, kwani mchapaji amekubali kungoja siku chache.

Siku ya tamasha, ndugu zangu wote watatu walikuja Homa Bay. Niliwakalisha mstari mmoja, kitinda mimba kando yangu. Wimbo ulipoanza niliacha kuitazama kwaya, nikamtazama yeye. Kwenye "amelala" aliinama mbele ili asikie. Kwenye "inuka" alishtuka, kisha akatabasamu, na tabasamu halikumtoka hadi watu walipoanza kupiga makofi.

"Kumbe alikuwa mtu wa kelele," akaninong'oneza.

"Kwenye kwaya tu," nikamwambia. "Nyumbani alikuwa hasikiki." Akataka kujua zaidi, na njia yote ya kurudi nilikuwa nikimweleza.

Sasa ninachapa zile kumi na moja zilizobaki. Kila baada ya majuma mawili ninakwenda Ndhiwa na kurasa, na yule mama huweka ungo chini na kuniimbia alto, nami naimba sauti ninazoziweza, na watu wa sokoni wamezoea. Tumefika wimbo wa tano. Hapo juu ya kibwagizo Baba ameandika herufi m, peke yake, na hata yule mama hakumbuki ilikuwa ya nini. Tumeiimba kubwa, tumeiimba ndogo, tumeiimba polepole. Mara ya mwisho alisema ile ya polepole ilikaribia, turudie kutoka mwanzo.